Nilikula Nyama ya Msiba wa Kaka Yangu, Naye Akaja Akaomba Mfupa

Nilikuwa nimeshika mfupa wa mbuzi mkononi nilipomwona marehemu anakuja.

Msinicheke. Mbuzi mwenyewe alichinjwa kwa ajili yake.

Ilikuwa Goweko, zama za Mwingereza, jua la saa nane. Watu wamejaa uani kwetu, vichwa vimenyolewa vinang'aa kama vibuyu. Kaka yangu Damas tulikuwa tumeshamzika. Tumelia mpaka sauti zimekauka, sasa tunakula tuondoe matanga.

Na yeye huyo, anashuka njia ya stesheni mdogo mdogo. Amekonda, shati linampepea kama limetundikwa kwenye fito.

Akasimama mbele yangu.

"Eustadia," akasema. "Nani kafa?"

Nilikuwa mtoto mwenye adabu. Nikamjibu, "Shikamoo kaka. Umekufa wewe."

"Marahaba," akaitikia. Halafu akautazama ule mfupa. "Una nyama huo?"

Nikampa. Nani angemnyima maiti?

Hapo ndipo mama yetu Getruda alipogeuka. Sahani ikaanguka, yeye akafuata. Baada ya hapo sikumbuki mtu aliyepita mlangoni. Watu walitoka kwa kupitia ua wa matete, wakabaki na vibanzi vyake mwilini.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana hili halikuanzia kaburini. Lilianzia kwenye zeze.

*

Nje kidogo ya Tabora palikuwa na misheni. Jina nalisitiri, waliohusika wana wajukuu, na wajukuu wana bando.

Pale palikuwa na Bruda Nikolaus, mzungu mwenye mikono mipana kama ya seremala. Alikuja nchini na sanduku refu kumpita yeye. Ndani yake mlikuwa na selo.

Kwa asiyelijua, selo ni zeze la babu zetu lililokula likashiba. Unaliweka katikati ya magoti, unalikumbatia, unalisugua kwa upinde wenye singa za mkia wa farasi. Linatoa sauti ya mwanamume anayelia huku amefunga mdomo.

Wapishi wa misheni hawakulipenda hata kidogo. Walisema likipigwa alasiri, mbwa wote wanaacha kubweka, wanalala.

Bruda akachagua vijana wawili wa kuwafundisha: Damas wetu, na Raymundi wa Bukene.

Mafunzo yenyewe yalikuwa adhabu. Aliwawekea yai la kuku kwenye kiganja cha kushoto ili vidole vijifunze kujikunja. Yai likivunjika, siku hiyo unakula ugali mtupu. Damas alivunja mengi. Raymundi hakuvunja hata moja.

Halafu ngazi za sauti. Panda, shuka, panda, shuka, mpaka mpishi mkuu akachungulia dirishani: "Nyie vijana, hiyo safari yenu haina kituo?"

Vidole vikaota sugu. Miaka ikapita. Damas akawa fundi. Alipiga kila sauti mahali pake, safi, kama mtu anayepanga vyombo kabatini.

Lakini Raymundi alikuwa kitu kingine.

Babu yake alikuwa mpagazi, wa wale waliobeba pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo kwa miguu. Raymundi alipiga kwa mwendo ule ule. Hatua nzito, pumzi, hatua. Ukimsikiliza unahisi begani kuna mzigo.

Siku moja Bruda akamwambia Damas, bila ubaya, "Wewe unapiga vizuri sana. Mwenzako akipiga, mimi nasahau kutafuna."

Neno lile lilimwingia Damas kama mwiba wa mgunga. Ngozi ikafunga juu yake, mwiba ukabaki ndani.

Hata hivyo walipendana. Walipendana mpaka wakataka kuchanjiana, wawe ndugu wa chale kama wazee wa misafara walivyokuwa wakifanya ili mtu asife peke yake njiani. Misheni ilikataza kabisa mambo ya damu. Basi wakapata ujanja wao. Kila mmoja alikuwa na medali ya ubatizo shingoni, kibati chenye sura ya Mama Maria, nyuma jina lako limetobolewa kwa msumari. Wakabadilishana. Damas akavaa jina la Raymundi, Raymundi akavaa jina la Damas.

Wakala kiapo. "Mama yako ni mama yangu. Nikimdanganya, chakula kinikatae."

Vijana. Wanaapa kama wanaomba chumvi.

*

Bruda Nikolaus akapata uhamisho wa kwenda upande wa Kigoma. Siku ya kuondoka akawaita wote wawili.

"Dar es Salaam kuna kundi la wapiga muziki, Wazungu na Magoa, wale Wahindi wa Goa. Wamekubali kumjaribu Mwafrika mmoja. Mmoja tu. Padri Mkuu nimeshamwambia ni nani. Shule ikifungwa, selo litapelekwa kwa treni nyumbani kwa niliyemchagua. Likifika kwenu, ujue ni wewe."

Hakusema zaidi. Akapanda treni.

Kabla shule haijafungwa, ikaingia homa ya kukaza shingo.

Mtoto analala mzima, anaamka kichwa kimevutwa nyuma kama kuku anayechinjwa. Wanafunzi wakatawanywa makwao. Wagonjwa wakapelekwa kwenye mabanda ya kutengwa, mbali na misheni, wakihudumiwa na watu wageni wasiomjua hata mmoja kwa sura.

Damas na Raymundi wakalazwa jamvi kwa jamvi.

Damas alizama gizani kwa muda asioujua. Alipoibuka, jamvi la pembeni lilikuwa limeshachomwa moto.

"Pole, Raymundi," mhudumu akamwambia, akisoma kibati shingoni mwake.

Damas akataka kusahihisha. Akakumbuka kwamba akisema ukweli itabidi aeleze ile medali, na undugu wa chale, hata wa medali, ulikuwa kosa la kufukuzwa. Akanyamaza. Alikuwa dhaifu, na kunyamaza hakuhitaji nguvu.

"Mwenzangu wa hapa yuko wapi?"

"Amepelekwa kwao," mhudumu akajibu haraka. Wagonjwa walikuwa hawaambiwi habari za vifo. "Na wewe misheni wametuma neno. Ukipata nguvu nenda moja kwa moja nyumbani. Selo lako limeshapakiwa kwenye treni, liko kwenu."

Selo lako. Liko kwenu.

Kaka yangu alilia kwa furaha mpaka homa ikataka kumrudia. Amechaguliwa yeye! Akapanda treni ya kwenda Goweko, njia nzima anapiga vidole kwenye paja.

Na ndivyo alivyofika akatukuta tunatafuna.

*

Mtu mmoja tu hakukimbia siku ile: Mwanajuma, Mzaramo, mke wa fundi wa reli. Wazaramo ni watani zetu Wanyamwezi tangu enzi za misafara, na mtani ndiye mwenye kaburi. Yeye ndiye aliyesimamia kuchimba, yeye ndiye aliyelala ndani ya shimo akakataa kutoka mpaka apewe jogoo.

Akamwendea Damas na mwiko, akamchoma ubavuni.

"Wewe maiti, mbona unatoka jasho?"

"Dada Mwanajuma, mimi mzima."

"Mzima, na mimi jogoo wako nimeshamla? Simrudishi!"

Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, kwa kujificha. Wazee wakasema aliyekwisha kuliliwa haingii mlangoni. Ukuta wa nyuma ukatobolewa, Damas akapitishwa hapo kama mwizi anayekaribishwa.

Baba yetu, Mzee Lugembe, akamketisha. Akamweleza. Sanduku lilikuja kwa treni, limezibwa nta kila upenyo, juu limeandikwa jina lake. Gadi wa treni akasema: huyu ni mtoto wenu, ni ugonjwa, msimfungue.

Damas akasikiliza. Halafu akaanza kucheka.

"Baba! Mmezika selo langu!"

Hakuna aliyecheka naye.

"Lilikuwa zito," baba akasema.

"Selo ni zito."

"Lilifuatwa na nzi," mama akasema taratibu.

"Nzi wanafuata nta. Mama, ule ni mti na nyuzi! Nifukulieni kabla mchwa hawajalimaliza. Dar es Salaam wananingoja!"

Alikuwa na jibu la kila kitu. Hata mimi, na utoto wangu, niliona jinsi alivyojibu haraka mno.

"Kaburi halifunguliwi," baba akasema. "Likifunguliwa linadai."

"Linidai mimi," Mwanajuma akadakia, anajifunga kanga kiunoni. "Kaburi la Mnyamwezi lina ubavu gani wa kumdai Mzaramo? Leteni majembe."

Wakaenda. Mimi nilifukuzwa, nikazunguka nikapanda juu ya kichuguu.

Majembe yakagonga mbao. Mwanajuma akashuka yeye, pua ameifunga, akapenyeza ncha ya jembe chini ya mfuniko. Nta ikaachia kwa sauti kama mtu anayelamba midomo.

Akachungulia.

Akaufunga tena. Polepole.

"Damas," akaita. "Shuka. Angalia shingoni tu. Usoni usiangalie."

Kaka akashuka. Akaona kamba, akaona kibati. Akakigeuza kwa kucha.

DAMAS.

Mtu mmoja tu duniani alikuwa amevaa jina lile.

Wale wahudumu walimsoma Raymundi shingoni wakamwandika Damas, wakampakia kuja kwetu. Na yule aliyebaki hai, kwao, alikuwa Raymundi. Selo lilipelekwa nyumbani kwa Raymundi. Bukene.

Aliniambia haya akiwa mzee, wote wawili hatuna meno. "Eustadia, unajua niliwaza nini mle shimoni kwanza? Sikuwaza kwamba rafiki yangu amekufa. Niliwaza kwamba Bruda hakunichagua mimi."

*

Alipomaliza kueleza ile medali, baba hakumwacha apumue.

"Huyu ni ndugu yako wa chale. Msiba wake huwezi kumtuma mtu mwingine. Nenda Bukene, mwambie mama yake. Aje aseme mwanawe abaki hapa au arudi kwao. Msalaba tunauacha kama ulivyo mpaka yeye afike."

Basi kaburi likafunikwa tena, na jina la kaka yangu likabaki juu yake, limeandikwa kwa lami.

Damas akapanda treni ya Tabora, akabadilisha, akachukua ya Mwanza, akashuka Bukene. Maneno ya kumwambia yule mama aliyapanga njia nzima. *Mayu, kaa chini. Mayu, nimekuja na jambo zito.*

Alimkuta Imakulata, mama yake Raymundi, mjane, anakata viazi vitamu vya kukausha michembe. Mlango uko wazi. Ndani, kwenye kona, selo limesimama. Limevikwa kanga.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu." Akainua macho, akaiona medali. Uso wote ukafunguka. "Wewe ndiye ndugu yake wa chale! Wewe ndiye mvunja mayai! Karibu, karibu. Waliniletea zeze lake, wakasema mwenyewe anaumwa, akipona anafuata. Nalifuta vumbi kila asubuhi. Linanitazama kama mkwe." Akacheka. "Haya, mwenyewe yuko wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema.

Lakini Damas aliijua desturi. Msiba ukishatajwa, hakuna kitu cha marehemu kinachovuka kizingiti mpaka matanga yaishe na wajomba wakae. Selo lingebaki pale pale konani. Na wale wa Dar wasingengoja matanga ya mtu wasiyemjua.

Akiufungua mdomo, selo limekwenda. Akiufunga, linakuja naye.

"Yuko Dar es Salaam," akasema. "Amenituma nilichukue."

Kisu kikasimama juu ya kiazi.

"Amepona?"

"Amepona."

"Anakula?"

"Anakula, mayu."

Imakulata akanyanyuka. Akaleta ugali, na mlenda, na maziwa ya mgando, akaviweka mbele yake.

"Kula basi."

"Nimeshiba."

"Toka Goweko mpaka hapa umeshiba?"

"Nimeshiba, mayu."

"Maji?"

"Hapana."

Chakula kilikuwa kimemkataa, kama alivyoapa. Yule mama akamtazama kwa muda mrefu.

Halafu akaingia ndani. Akalitoa selo yeye mwenyewe, kanga hakuivua. Akafunga na michembe kwenye kitambaa.

"Mpelekee," akasema.

Hakumsindikiza. Mnyamwezi asimsindikize mgeni? Damas alipogeuka, alimwona amesimama mlangoni, mkono mmoja ameshika mwimo, hapungi.

*

Dar walimngoja Raymundi. Jina walilopelekewa na misheni lilikuwa hilo.

"Wewe ndiye Raymundi?"

"Ndiye mimi."

Uongo wa kwanza ulikuwa mgumu. Huu wa pili haukuwa.

Wakamjaribu. Akapiga kila sauti mahali pake. Wakampa kiti nyuma kabisa, pembeni ya Mgoa mmoja mwenye kikohozi. Miezi ikapita, akasogezwa mbele. Akashonewa suti nyeusi. Wazungu waliovaa nyeupe wakampigia makofi, na gazeti likataja: Raymundi, kijana wa Tabora.

Kaka yangu hakuwa na raha hata siku moja.

Kila lilipoitwa lile jina alihisi mtu anamvuta kamba ya medali kwa nyuma. Nyuzi zilikatika bila sababu. Siku ya kupiga hakuweza kumeza hata uji. Ile michembe aliitundika ukutani, hakuila, hakuitupa. Wadudu wakaingia, akawasikia wakitafuna.

Huku kwetu baba akimuuliza, "Mama wa watu mbona haji kuona kaburi?", alijibu kwa kupitia watu wa reli kwamba yule mama anaumwa miguu.

Na Bukene alituma sukari na vitambaa. "Mwambieni vimetoka kwa Raymundi."

Watu wa reli wakirudi, walirudi na neno moja.

"Mama anashukuru. Anauliza, anakula?"

Mara ya pili: "Anauliza, anakula?"

Kila mara hilo tu. Hakuuliza lini atakuja. Hakuuliza kwa nini haji.

Damas akaanza kuwakwepa watu wa reli.

*

Siku moja akashuka Goweko mwanamke mwenye kanga nyeusi, kichwa kimenyolewa upya. Akauliza kwa Mzee Lugembe.

Baba akamkaribisha, akamwamkia kwa heshima ya mfiwa. "Tumekungoja sana, mama, tangu Damas alipokuletea ile habari."

"Habari gani?" akauliza.

Baba akainamisha kichwa. Hakuweza kumtazama tena. Akaniambia nimpeleke.

Nilimshika mkono mpaka kaburini. Akachuchumaa, akaufuta msalaba kwa kiganja. Hakujua kusoma.

"Limeandikwa nani?"

"Damas," nikasema.

"Na huko Dar, Damas anaitwa nani?"

Nilikuwa mtoto mwenye adabu, lakini si mjinga. Nikainama nikang'oa majani.

Akanipapasa kichwa. Siku iliyofuata akapanda treni ya Dar. Mwanajuma akaahirisha kila kitu, akaenda naye. "Mimi ndiye niliyemfukia," akasema. "Siwezi kumwacha njiani."

Yaliyobaki nimeyapata kwa Mwanajuma na kwa kaka mwenyewe, na yanalingana.

Walifika jioni ambayo Damas alikuwa anapiga peke yake kwa mara ya kwanza, mbele, kundi zima nyuma yake. Ndicho alichokisubiri tangu enzi za mayai. Alikuwa kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi anapaka ulimbo kwenye upinde, akainua macho.

Ulimbo ukamponyoka.

"Shikamoo, mayu."

"Sikuja kwa shikamoo." Imakulata akaketi kwenye ngazi, miguu imejaa vumbi. "Siku uliyokuja kwangu, ulikataa ugali, ukakataa maji. Mgeni wa mbali asiyekula ana maiti mdomoni. Ulipopinda kona ya stesheni nilichukua wembe nikanyoa."

"Ulijua? Siku hiyo hiyo?"

"Nilijua."

"Mbona ulinipa selo?"

"Kwa sababu ningekunyima, ungesema hapo hapo, kwa hasira. Mimi nilitaka useme kwa hiari yako. Nikakutumia swali moja, kila mara lile lile. Ungejibu mara moja tu, mwanangu. Mara moja."

Kengele ya ukumbini ikagonga.

"Umekuja kulichukua," Damas akasema.

"Nilifanyie nini? Nikorogee uji?" Akamtazama. "Selo baki nalo. Raymundi alikupenda, angekupa mwenyewe. Mimi nimekuja kuchukua jina lake. Lirudi likae na mifupa yake. Humo ndani wakiliita, usisimame."

Mwanajuma aliniapia kwamba alisahau hata kutania.

Damas akaingia. Akaketi, selo magotini. Mzungu mwenye kifimbo akatokea mbele ya watu, akatangaza:

"Raymundi!"

Damas akabaki ameketi.

Mzungu akageuka, akatabasamu, akaita tena.

Watu wakaanza kutazamana. Mgoa mwenye kikohozi akamgusa begani. "Wewe, unaitwa!"

Ndipo akasimama. Kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilikuwa kimemkimbia, akasema kwa sauti, "Raymundi amekufa. Mimi naitwa Damas Lugembe."

Huko nje, kwenye ngazi, yule mama akaachia kilio.

Kilio alichokuwa amekimeza muda wote ule. Kikaingia kwa milango, kikaingia kwa madirisha, wake za wakubwa wakashika vifua vyao. Mwanajuma anasema taa zilitikisika. Hapo nadhani anatia chumvi, Mzaramo yule.

Damas akalibeba selo, akapita katikati ya viti, akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka nyuma. Akaketi chini, kwenye vumbi, pembeni ya mama wa Raymundi.

Kiti kile hakukikalia tena. Walisema aliwadanganya, na kweli aliwadanganya. Suti waliichukua. Selo halikuwa lao, hawakuligusa.

Walirudi wote watatu. Jina likafutwa msalabani, likaandikwa la mwenyewe. Matanga yakafanywa upya, na mara hii nyama sikuila. Nilikuwa nimejifunza kungoja.

Bruda Nikolaus hakuonekana tena. Kwa hiyo mpaka leo hatujui. Alimchagua Raymundi kweli? Au alimchagua Damas, ila misheni ikadhani Damas amekufa ikampa aliyebaki? Kaka yangu alikwenda na swali hilo kwenye kaburi lake la kweli.

Baada ya yale matanga alirudi Tabora, akapiga kwenye harusi za Kanyenye na kwenye misa za wafu. Safari hii kwa jina lake, kwa watu wanaotafuna wala hawasahau kutafuna. Na Imakulata alipozeeka, Damas ndiye aliyemtunza, na ndiye aliyemzika.

Wajukuu zangu, ukitumwa kupeleka msiba, useme kabla hujaketi. Mwenye msiba wake anaujua. Anachongoja ni kuona wewe ni mtu wa namna gani.

Na vya marehemu unaweza kurithi vingi. Kazi yake, kitanda chake, hata mama yake. Jina lake mwachie alale nalo. Kule aliko, ndilo shuka pekee alilopewa.